Watoto Waliofika Pasipo Wazazi

Mwezi huu twataka kuwapa habari za watoto wa Sudani ya Kusini, na hasa za wasichana, maana za wavulana zimesimuliwa mara nyingi.

Tangu mwaka 1987 watoto wapatao 20,000, wengi wao wavulana, waliikimbia vita ya Sudani kwa miguu mpaka Uhabeshi. Bwana wetu alipokimbizwa Misri alikuwa mikononi mwa Mariamu. Hawa walishikana mikono wao kwa wao. Mwaka 1991 serikali ya Uhabeshi ikaanguka, nao wakafukuzwa. Wakavuka mto Gilo uliojaa, na wengi wakafa maji. Mwaka 1992 waliosalia wakaanza kufika Kakuma, katika nchi kavu ya Waturkana, huko Kenya.

Basi, walale wapi? Wavulana waliwekwa kwa vikundi, wakajijengea vibanda vya udongo, wakapika posho yao pamoja. Wasichana hawakuachwa hivyo. Kwa desturi ya kwao si vema msichana akae peke yake, wakagawiwa katika nyumba za jamaa, au za watu wa kabila lao tu. Sisi nasi tungalifanya vivyo hivyo, na pengine tungalijisifu.

Lakini angalieni yaliyofuata. Wavulana walikaa pamoja, kila mtu akiwaona, wakahesabiwa. Msichana aliingizwa katika hesabu ya posho ya mwenye nyumba, na tangu siku ile hakuhesabiwa tena kuwa hana wazazi. Wako waliopata mama kweli kweli, na twamshukuru Mungu. Wengine walipata kazi: kuteka maji, kutafuta kuni, kubeba mtoto mgongoni, hali watoto wa nyumba wakienda shule. Tena msichana alipokua, mwenye nyumba alitazamia ng'ombe za mahari, wala hakupenda kumtoa. (Ni nani kwetu asiyeijua nyumba ambamo mtoto wa ndugu marehemu hulala jikoni?)

Marekani ilipokubali kuwapokea vijana hao, tangu mwaka 2000, walisafirishwa zaidi ya 3,500. Wale wasiotimiza miaka 18 walitiwa katika nyumba za walezi. Wakubwa walipangishiwa vyumba pamoja. Katika hesabu hiyo yote wasichana walikuwa 89 tu. Wenzao walikuwapo Kakuma, chini ya dari za watu, lakini majina yao hayakuonekana katika orodha.

Watoto wa namna hii wangali wakifika Kakuma, na kwingine pia. Kwa hiyo twawaomba waalimu neno moja. Mtoto mgeni akiletwa shuleni, andikeni jina la baba aliyemzaa, na la kijiji alikotoka, hata kama aliyemleta ni mzee wa kanisa. Na asipoonekana siku tatu, nendeni nyumbani mkamwulize yeye mwenyewe, si mwenye nyumba peke yake.