Shubiri Mlangoni mwa Nyumba

Apitaye vichochoro vya Makina, kule Kibera walikotangulia kukaa ndugu zetu Wanubi, au ashukaye kuelekea soko la Kawangware, haendi mbali ila ataona mshubiri umepandwa katika kopo kuukuu mlangoni. Mwenye nyumba huuweka kwa ajili ya kuku wanaougua, au kwa siku ambayo mtoto ataungua jikoni. Na hatua chache kutoka kopo hilo, dukani, yanauzwa mafuta ya kujichubua.

Tulipokuwa Nairobi, mama mmoja wa Kawangware alitujia baada ya darsa. Binti yake alibakisha majuma matatu kuolewa. Je, inajuzu apake mafuta ya kumng'arisha? Tulimwomba kichupa tukitazame. Hakikuwa na maelezo ya vilivyomo. Mafuta ya namna hiyo aghalabu huwa na zebaki au haidrokwinoni, na Kenya iliyapiga marufuku tangu mwaka 1998. Zebaki hupenya ngozi, ikaumiza figo, na kwa mja mzito humfikia mtoto tumboni. Mwanamke hujipamba kwa ndoa, kisha akamdhuru mzawa wa ndoa hiyo.

Tukamwambia kuhusu shubiri. Abu Daud amepokea kuwa Ummu Salama, Allah amridhie, alijipaka shubiri usoni akiwa katika eda ya Abu Salama. Mtume, rehema na amani zimshukie, akamfahamisha kuwa huung'arisha uso, basi aipake usiku na kuiondoa mchana. Wanavyuoni wamezungumza juu ya isnadi yake, lakini yatosha kuonyesha kuwa mmea huu si mgeni kwa mama zetu. (Na shubiri na subira ni za shina moja la Kiarabu, aliyeionja hatauliza kwa nini.)

Lakini jani lina vitu viwili. Chini ya ganda mna utomvu wa manjano, mchungu, unaowasha ngozi na kuendesha tumbo. Mja mzito asiunywe kabisa. Ndani mna ute mweupe unaoteleza, na huo ndio wa ngozi. Kata jani, lisimamishe lichuruzike mpaka manjano yaishe, lioshe, limenye, ukwangue ute. Jaribu kidogo kwenye mkono, ungoje siku moja. Ute hulainisha ngozi kavu, hupoza iliyochomwa na jua, na husaidia jeraha dogo la moto baada ya kulipoza kwa maji safi kama dakika 20. Jeraha kubwa ni la hospitali. Rangi ya mtu haibadilishi, na tusidanganyane kwa hilo.

Tusing'oe mishubiri ya mwitu, kwani serikali ilizuia uvunaji wake mwaka 1986. Chipukizi la jirani latosha.

Mama yule alituachia kichupa chake. Alipofika mlangoni akageuka, akauliza kama ute hauzuii maji ya udhu. Tulimjibu kuwa unatoka kwa maji. Binti aoshe uso kwanza, kisha atawadhe.