Tovuti Nyepesi kwa Wageni wa Isecheno

Msitu wa Kakamega una malango mawili ambayo mgeni huweza kuyachanganya kwa urahisi: Buyangu upande wa kaskazini, chini ya Shirika la Wanyamapori (KWS), na Isecheno upande wa kusini, chini ya Shirika la Misitu (KFS). Anayejifunza kutengeneza tovuti, akitaka kuwafaa waongoza wageni wa Isecheno, hana budi kuanza na jambo hilo, yaani kueleza kwamba kutoka mjini Kakamega mgeni hushika barabara ya Kisumu hadi Khayega, kisha hukata kushoto kupitia Shinyalu. Rangi na mapambo ni ya baadaye, ingawa wanafunzi wengi huanza nayo.

Maelezo hayo huandikwa kwa HTML, lugha ya alama inayokijulisha kivinjari, yaani programu ya kufungulia kurasa, kipi ni kichwa, kipi ni aya na kipi ni picha. Ilibuniwa na Tim Berners-Lee katika kituo cha CERN, Geneva, na kutangazwa kwa umma mwaka 1991. Sura ya ukurasa huandikwa kando kwa CSS, iliyopendekezwa na Håkon Wium Lie mwaka 1994, ili badiliko la mstari mmoja lienee kurasa zote.

Kazi hasa imo katika picha. Picha ya ndege aitwaye shorobo mkubwa wa buluu iliyopigwa kwa simu huweza kufika megabaiti 4, na msomaji mwenye bando dogo hataisubiri. Ikipunguzwa hadi upana wa pikseli 800 na kubanwa, aghalabu hushuka chini ya kilobaiti 200, na kwenye kioo cha simu ndege huonekana yuleyule. Kila picha hupewa pia maelezo kwa sifa iitwayo alt, mathalani “Kima watatu juu ya tawi, Isecheno”, kwa kuwa hayo ndiyo simu ya asiyeona humsomea kwa sauti, na ndiyo hubaki picha inaposhindwa kufunguka. Kuandika “picha1” hakumsaidii yeyote.

Mwishowe, mtengenezaji auchukue ukurasa wake hadi Isecheno kwenyewe, aufungue chini ya miti kwa simu ya bei nafuu. Usipofunguka hapo, haujawa tayari.