Utu Uzima Nao Una Jando Lake

Wengi wetu hudhani kwamba jando likishapita, mtu amekwisha kufundwa. Wamaasai hawana dhana hiyo. Morani aliyetahiriwa miaka mingi nyuma hungojewa na eunoto, ambapo mamake humnyoa zile nywele ndefu alizozifuga kwa fahari. Nimepata kuona mashujaa wakibubujikwa na machozi wembe unapopita. Baadaye huja olng'esherr, na hapo ndipo mwanamume hukabidhiwa mamlaka ya boma lake. Mwaka wa 2018, UNESCO iliziorodhesha sherehe hizo, pamoja na enkipaata inayozitangulia, miongoni mwa turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka.

Nayataja haya kwa sababu yamenigusa. Nilipotimiza umri wa miaka 60, nikiwa nimeshika chaki kwa miaka 34, nilipokea barua ya kustaafu yenye mistari minne. Nikarudisha funguo za kabati, karani akatia sahihi, nikaenda zangu. Kwa miezi kadhaa niliendelea kuamka alfajiri na kufunga tai. Naona haya kukiri. Ualimu ulikuwa umeniondoka, wala sikujua nimekuwa nani.

Sikulilia karamu. Nilimkosa mtu wa kuninyoa, mwenye haki ya kuniambia mbele ya wenzangu kwamba lile limekwisha na hili sasa ndilo lako.

Walimu wenzangu, atakapostaafu mmoja wenu, funguo zake zisipokewe na karani. Azipokee mwalimu mchanga kuliko wote, kwenye gwaride, wanafunzi wakitazama.