Ndege za Vita na Waliokuwa Chini Yake: Utangulizi

Mtu akitaka kusoma kumbukumbu za wanajeshi wa anga waliotumwa nchi za joto, atakuta vitabu vingi vya marubani. Kijana anatoka Uingereza, anapelekwa Nairobi, Aden, Ceylon au Singapore, anapambana na jua, mbu na mawingu, kisha anarudi kwao na uzeeni anaandika. Roald Dahl, ambaye wengi tunamjua kwa hadithi zake za watoto, ni mmoja wao. Mwaka 1939 alitoka Dar es Salaam, alikokuwa ameajiriwa na kampuni ya mafuta, akaenda Nairobi kujiunga na jeshi la anga la Uingereza. Huko alijifunza kurusha Tiger Moth juu ya nyika yenye twiga na pundamilia, na mwaka 1986 akayasimulia hayo katika kitabu chake Going Solo. Kisome, ni kitabu kizuri.

Hata hivyo, hakuna ndege ya kijeshi iliyopaa bila watu chini yake. Wapo waliofyeka uwanja, waliobeba mapipa ya mafuta, waliosubiri chakula kishuke kutoka mawinguni, na waliojificha ili wasiuawe kwa mabomu. Nao pia ni mashahidi. Somo ninalokukaribisha ni historia simulizi ya hao, na ninapoandika nawafikiria kwanza vijana wa Birongo na wa vilima vingine vya Gusii, kwa sababu kazi iliyobaki kufanywa iko majumbani mwao.

Birongo haijawahi kuwa na kambi ya ndege za kivita. Kwa nini basi tuanzie hapo? Kwa sababu vita vya wakubwa viliifikia Gusii mapema, na vikachukua watu. Septemba 12, 1914, Waingereza na Wajerumani walipigana Kisii mjini, na katika miaka iliyofuata wanaume wa Abagusii walikusanywa, wengi kwa nguvu, kwenda kubeba mizigo ya jeshi katika kikosi cha wabeba mizigo kilichoitwa Kariakoo. Katika Vita vya Pili vya Dunia, zaidi ya watu 300,000 wa Afrika Mashariki waliingia jeshini, takriban 98,000 kati yao wakitoka Kenya. Askari wa Keya, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza, walipelekwa Ethiopia, Madagaska, Ceylon na Burma. Kijana aliyekulia kwenye migomba na mashamba ya wimbi alijikuta ng'ambo ya Bahari ya Hindi, katika msitu wa kitropiki usiofanana na msitu wowote wa kwao. Tunapozungumza juu ya wanajeshi waliotumwa mbali katika nchi za joto, tumhesabu yeye kwanza.

Ndege za kivita zenyewe zilifika pwani yetu kabla ya hapo. Mwishoni mwa 1914 meli ya Kijerumani Königsberg ilijificha ndani ya delta ya Rufiji, nyuma ya mikoko, na Waingereza hawakuweza kuiona kutoka baharini. Wakaleta ndege. Za kwanza zilikuwa za kutua majini, na joto likazishinda: gundi iliyoshika mbao iliyeyuka, mbao zikajipinda, na hewa ya moto haikuzipa mabawa nguvu ya kunyanyuka. Baadaye ndege nyingine zikawekwa kisiwani Mafia. Julai 11, 1915, rubani John Cull na mwenzake Harwood Arnold waliruka juu ya delta wakipeleka habari kwa simu ya upepo, ili mizinga ya meli mbili za Kiingereza ipate shabaha. Ndege yao ikapigwa. Wakiwa wanashuka kuelekea mtoni, Arnold aliendelea kutuma masahihisho ya shabaha, na siku hiyo Königsberg ikamalizika. Wote wawili waliokolewa. Tunayajua hayo kwa undani kwa sababu maofisa waliandika. Wavuvi wa Mafia walioona chombo cha kwanza kikiruka juu ya ngalawa zao nao walikuwa na la kusema, na hapakuwa na karani wa kuliandika.

Miaka 25 baadaye vita vya anga vilirudi kaskazini mwa Kenya. Juni 11, 1940, ndege za Afrika Kusini ziliishambulia Moyale, na mwezi huohuo Waitalia wakaipiga Wajir kwa mabomu. Pwani nako, ndege za Catalina zilikaa Kipevu, Mombasa, zikiruka saa nyingi mno juu ya bahari kuwinda nyambizi. Agosti 20, 1943, nyambizi ya Kijerumani U-197 ilizamishwa kusini mwa Madagaska na Catalina za vikosi vya huku kwetu. Sura hizi mbili zinastahili watafiti wa Wajir na wa Mombasa. Mimi nataka tukae Burma, kwa sababu huko ndiko ndege ilikuwa riziki ya askari wetu.

Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyovaa nembo ya kichwa cha kifaru, iliingia bonde la Kabaw Agosti 1944, masika ya huko yakiwa yamepamba moto. Ilikuwa na askari wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland. Barabara ya kutoka Tamu kuteremka Kalemyo iligeuka tope tupu. Malori yalikwama, na bonde lenyewe lilikuwa na sifa mbaya ya malaria na homa ya papasi wadogo wa majanini. Jenerali William Slim, aliyeongoza jeshi lote la huko, alikuwa ameamua kwamba jeshi litalishwa kwa ndege. Ikawa hivyo. Ndege za Dakota zilipita chini ya mawingu, kati ya vilima, zikatafuta kiwanja kidogo kilichofyekwa msituni, zikazunguka na kusukuma mizigo mlangoni.

Hebu tuutazame mzigo huo kwa karibu, maana hapo ndipo tofauti ya aliye juu na aliye chini inapoonekana. Risasi, dawa na vitu vya kuvunjika vilishushwa kwa miavuli. Miavuli ya hariri ilikuwa haba, na Slim akaagiza itengenezwe kwa juti, uzi uleule wa magunia, katika viwanda vya Calcutta. Ilishuka vizuri, na kwa bei ndogo sana. Nafaka haikupewa mwavuli. Ilitiwa katika gunia, gunia likatiwa katika gunia jingine kubwa zaidi, ili la ndani likipasuka kwa kishindo la nje lizuie punje zisimwagike. Kisha lilitupwa hivihivi. Kwa rubani, hiyo ilikuwa njia ya kuzunguka mara kadhaa, kuhesabu mizigo, kurudi kambini kabla giza halijaingia. Kwa askari aliyesimama pembeni mwa kiwanja, gunia lile lilikuwa chakula cha siku kadhaa, na lingeweza pia kumuua. Wapo waliouawa na magunia hayo katika vita vile. Kuna simulizi gani ya rubani itakayokueleza namna ya kuusikiliza mlio wa injini na kujua uchepukie upande gani?

Ndege nyingine ndogo zilitua kwenye viwanja vifupi kuchukua majeruhi. Mtu aliyekuwa kwenye machela tumbo likivuja damu alipandishwa ndegeni kwa mara ya kwanza maishani, na wengi wa waliopona walimshukuru Mungu na rubani kwa pamoja. Desemba 1944 divisheni ilifika Kalewa, kando ya mto Chindwin, na daraja refu la chuma likajengwa kuvuka mto. Baada ya hapo wengine wakachukua zamu.

Miongoni mwa waliopigana Burma alikuwamo Waruhiu Itote. Aliporudi Kenya hakupata ardhi wala haki aliyoitarajia, akaingia msituni na kujulikana kama Jenerali China, kiongozi wa Mau Mau upande wa Mlima Kenya. Kuanzia 1953 ndege ndogo za Harvard ziliangusha mabomu juu ya misitu ya Mlima Kenya na Aberdare. Novemba mwaka huohuo zikaongezeka Lincoln, ndege kubwa zilizotoka Uingereza na kutumia uwanja wa Eastleigh, Nairobi. Ndege nyingine zilibeba vipaza sauti, zikiwaita wapiganaji wajisalimishe. Itote alikamatwa Januari 1954, akaishi na kuandika kumbukumbu zake, zilizochapishwa 1967. Karari Njama naye alieleza maisha ya chini ya mabomu hayo katika Aberdare. Soma vitabu hivyo kando ya kumbukumbu za marubani wa Lincoln. Rubani anakumbuka mawingu ya asubuhi yaliyofunika kilele, baridi ya ajabu karibu na ikweta, na msitu wa kijani usioonyesha kitu. Aliye msituni anakumbuka miti iliyovunjika, tembo na nyati waliochanganyikiwa wakawa hatari zaidi, na mahali pa kuinamia. Wote wanasema kweli. Hukumu yangu ni kwamba historia ya vita hivyo haisimami kwa ushahidi wa upande mmoja, na kwa miaka mingi tumeisoma hivyo.

Jeshi la Anga la Kenya lilianzishwa Juni 1, 1964, kwa msaada wa Waingereza waliokuwa wakiondoka Eastleigh. Wastaafu wake wako kila kaunti, mafundi wa injini, madereva, wapishi, makarani wa stoo, na wachache walioruka. Ukikaa nao, jua kwamba Agosti 1, 1982 ni tarehe nzito. Jaribio la mapinduzi la siku hiyo liliwaangukia wengi, hata wasiohusika. Jeshi lenyewe likavunjwa na kuundwa upya kwa jina jingine. Mtu akinyamaza ukifika hapo, funga daftari mnywe chai. Ukimya wake ni haki yake.

Sasa, tunafanyaje kazi? Askari aliyekuwa na miaka 20 Kabaw mwaka 1944 angekuwa leo amepita miaka 100. Tumechelewa kuwapata wenyewe, lakini hatujachelewa kupata walichoacha. Anza na vitu: nishani ya Burma Star katika kikopo, kitabu cha kuachishwa jeshi, picha ya studio iliyopigwa India, kipande cha turubai. Omba ruhusa kupiga picha kitu hicho, kisha ukirudishe palepale kilipokuwa. Kisha uliza wajukuu. Usiulize kwanza kama sokoro, yaani babu, aliua mtu. Uliza alikuwa akisema nini akisikia ndege inapita. Uliza magokoro, yaani bibi, alilima na nani mumewe alipokuwa ng'ambo, na sehemu ya mshahara iliyotumwa nyumbani ilifikaje, na nani aliipokea. Wanawake walibaki na nusu ya historia hii, na watafiti wengi waliwapita wakienda kwa mwenye nishani.

Wapo wanaodharau kumbukumbu kwa sababu tarehe zake hazilingani na nyaraka. Mzee anaweza kuwa aliwaambia watoto wake kwamba ndege za Wajapani ziliwapiga kila siku, ilhali kufikia mwishoni mwa 1944 anga la Burma lilikuwa mikononi mwa Waingereza na Wamarekani. Usimsahihishe mbele ya watoto wake, na usiandike kwamba alidanganya. Andika alichosema, kisha utafute alikuwa wapi na lini. Hofu ya shambulio moja inaweza kujaza mwaka mzima. Na marubani nao hukosea: daftari la safari la rubani huonyesha tarehe, aina ya ndege na saa alizoruka, na mara nyingi linapingana na simulizi aliyoitoa miaka 40 baadaye. Kumbukumbu zote hupimwa kwa mizani moja, ya Mzungu na ya Mgusii.

Nyaraka zipo. Jumba la Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, Nairobi, lina majalada ya utawala wa wilaya. Kule Kew, London, kuna madaftari ya vikosi vya anga, na jumba la makumbusho ya vita la London limehifadhi sauti za wastaafu. Magazeti ya zamani kama Baraza, lililoanza Nairobi mwaka 1939, yanaonyesha askari walivyoelezwa vita kwa Kiswahili. Majina ya waliokufa Burma bila kaburi linalojulikana yamechongwa Taukkyan, nje ya Yangon. Kuhusu Vita vya Kwanza hali ni mbaya zaidi: mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba waliokufa wasiopungua 116,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Ndani ya idadi hiyo wamo wabeba mizigo wa Kariakoo.

Mgeni katika somo hili mara nyingi huogopa kwamba hajui ndege. Usiogope. Mambo machache yatakutosha. Hewa ya moto na ya mahali pa juu ni nyepesi, hivyo ndege huhitaji njia ndefu ya kupaa, na uwanja wa Eastleigh uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Na mtu wa Gusii ana ujuzi ambao mwanafunzi wa London atausaka vitabuni: anajua asubuhi nyeupe inavyogeuka, unyevu wa Ziwa Viktoria ukapanda vilima, na kufikia alasiri radi na mvua ya mawe vikapiga majani ya chai. Ukisoma kwamba rubani aliharakisha kurudi kabla ya saa nane mchana, utamwelewa papo hapo.

Kwa hiyo ombi langu kwako, msomaji wa Birongo, ni la wiki hii. Tafuta nyumba moja iliyopeleka mtu Keya au jeshi la anga. Piga hodi, salimia kwa heshima, omba muda. Andika jina la kikosi kama kinavyotamkwa, hata kama hukielewi, na majina ya mahali kama familia inavyoyataja. Weka nakala moja kwa familia na nyingine katika maktaba ya shule ya karibu. Wazee waliobaki na simulizi hizi walizisikia wakiwa watoto, na wengi wao sasa wana miaka 70 au zaidi.