Kompyuta ya Michezo kwa Mshahara wa Askari

Usione vyaelea, vimeundwa. Msemo huu ni wa mafundi wa vyombo wa pwani, lakini unafaa hata huku Busasamana, wilayani Rubavu, ambako bahari hujulikana kwa kusimuliwa tu, na ambako mtu akiinua macho asubuhi huona kilele cha Nyiragongo ng'ambo ya mpaka wala haoni tanga. Kijana akiiona kompyuta ya michezo, taa zake zikimetameta na wachezaji wa mpira wakikimbia kwenye skrini kama watu hai, hudhani kwamba kitu hicho ni cha matajiri peke yao. Sivyo. Kompyuta hiyo imeundwa kwa vipande saba au vinane, na kila kipande kina bei yake na kazi yake. Anayevijua vipande huweza kuunda chombo chake kwa fedha kidogo. Asiyevijua hulipa mara mbili.

Tuchukue mfano wa askari mmoja, konstebo au koplo, aliyerudi likizo nyumbani Busasamana. Ana akiba ya miezi kadhaa. Wadogo zake wanataka kucheza, na yeye mwenyewe, baada ya zamu ndefu za usiku, anataka burudani isiyompeleka baa. Mbele yake zipo njia tatu za kupotea. Ya kwanza ni kukopa fedha nyingi ili anunue mashine mpya ya kujionyesha. Ya pili ni kununua kipande kimoja cha fahari na kukizungushia vipande dhaifu. Ya tatu ni kupokea mzigo uliopitishwa njia za panya, bila karatasi, kwa sababu bei yake ni nafuu. Makala haya yanakusudia kuonyesha njia ya nne.

KAZI KWANZA, KIFAA BAADAYE

Hakuna kamanda anayeomba silaha kabla ya kujua ni kazi gani iliyo mbele yake. Vivyo hivyo, mnunuzi na ajiulize kwanza: nitacheza michezo gani, na juu ya skrini gani? Skrini ya kawaida ina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa urefu, yaani nukta 2,073,600. Skrini kubwa za kisasa zina nukta 8,294,400, mara nne ya hizo. Ili picha iende bila kukwama, mashine yapaswa kuchora picha 60 kila sekunde. Katika skrini ya kawaida hizo ni nukta zaidi ya milioni 124 kwa sekunde, na katika skrini kubwa ni mara nne yake. Basi anayeridhika na skrini ya kawaida amekwisha kuokoa sehemu kubwa ya fedha zake kabla hajaingia dukani.

Michezo nayo haina uzito mmoja. Mpira wa kompyuta, mbio za magari za miaka iliyopita, na mchezo kama Counter-Strike 2, uliotolewa mwaka 2023 na kuchezwa bila malipo, huhitaji nguvu za wastani. Michezo mipya yenye misitu, miji na mwanga wa kila namna hudai mashine ya gharama kubwa. Anayenunua kwa ajili ya mchezo ambao huenda asiucheze kamwe, ananunua sare ya mtu mwingine.

KAMBA HUKATIKIA PABOVU

Vipande vikuu ni hivi. Prosesa ni ubongo unaoamua. Kadi ya picha ni mchoraji wa zile nukta tulizozitaja. Memori, yaani RAM, ni meza ya kazi: meza ikiwa finyu, mfanyakazi hushinda akipanga na kupangua vitu. Diski ni ghala. Bodi kuu ni barabara inayowaunganisha wote. Pawasaplai hupokea umeme wa ukutani na kuugawa kwa vipimo vinavyofaa. Mwisho ni kasha na feni za kupoza.

Askari anajua kwamba msafara hauendi kwa mwendo wa gari lenye kasi kuliko yote. Huenda kwa mwendo wa lile linalochelewa. Kadi nzuri ya picha ikifungwa pamoja na prosesa iliyochoka humsubiri prosesa. Prosesa mpya akinyimwa memori humsubiri memori. Kwa michezo ya leo, memori ya GB 8 hubana na GB 16 hutosha. Tena ni afadhali GB 16 ziwe katika vipande viwili vya GB 8 kuliko kipande kimoja, kwa sababu vipande viwili hufungua njia mbili za kupitishia kazi kwa wakati mmoja. Mnunuzi na ajue pia kwamba mwishoni mwa mwaka 2025 bei za memori zilipanda sana duniani, kwa kuwa viwanda vilielekeza mali yao kwenye mitambo mikubwa ya akili bandia. Hivyo mashine kuukuu ambayo tayari ina memori ya kutosha ndani yake ina thamani kuliko inavyoonekana kwa nje.

Kuhusu ghala, diski ya zamani inayozunguka husoma megabaiti 100 hadi 150 kwa sekunde. Diski ya SSD ya aina ya kawaida hufika karibu 550. Diski ya namna hiyo haiongezi uzuri wa picha, lakini huifanya mashine ya miaka mingi iamke kama kijana.

MASHINE ILIYOSTAAFU OFISINI

Sasa tuingie katika kiini cha shauri letu. Mabenki, mashirika na ofisi za Ulaya na kwingineko hubadilisha kompyuta zao kila baada ya miaka michache. Zile za zamani, kama Dell OptiPlex, HP EliteDesk na Lenovo ThinkCentre, huuzwa kwa wingi na kufika katika miji ya Afrika Mashariki. Ni mashine imara, zilizotengenezwa kufanya kazi mchana kutwa bila malalamiko. Zinakosa kitu kimoja tu kwa mchezaji: kadi ya picha.

Wapo watakaosema kwamba kutumia kifaa cha kazi nyingine ni umaskini. Na wakumbuke kwamba mwaka 2010 Jeshi la Anga la Marekani liliunganisha mashine za michezo aina ya PlayStation 3 zipatazo 1,760, likapata kompyuta kubwa ya utafiti iliyoitwa Condor Cluster, kwa gharama ndogo sana ikilinganishwa na mitambo iliyoundwa mahsusi kwa kazi hiyo. Ikiwa jeshi tajiri halikuona haya kugeuza kifaa cha mchezo kuwa cha kazi, koplo wa Busasamana hana sababu ya kuona haya kugeuza kifaa cha kazi kuwa cha mchezo.

Hata hivyo achague kwa macho. Kwanza, atazame umri wa prosesa. Prosesa za Intel za kizazi cha 8, kama Core i5-8500 ya mwaka 2018, zina viini sita na hupokea Windows 11. Nyingi za vizazi vya kabla ya hapo hazimo katika orodha ya zinazokubaliwa, na Windows 10 ilikoma kupata matengenezo ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Pili, atazame kasha. Zile ndogo kama kitabu hazina nafasi ya kadi ya picha. Zile nyembamba hupokea kadi fupi tu. Zile za mnara ndizo zenye nafasi ya kutosha.

Tatu, na hapa ndipo wengi huungua, asome kibandiko cha pawasaplai. Mashine nyingi za ofisi zina pawasaplai ya kati ya wati 180 na 300, tena mara nyingi haina waya wa ziada wa kulisha kadi kubwa. Tundu la kadi kwenye bodi kuu hutoa wati 75, si zaidi. Kwa hiyo itafutwe kadi inayoishi ndani ya wati hizo, kama GTX 1050 Ti ya mwaka 2016 au GTX 1650 ya mwaka 2019, ila katika hiyo ya pili lichaguliwe toleo lisilohitaji waya wa ziada. Hesabu yake ni rahisi: prosesa wati 65, kadi wati 75, vilivyobaki wati 50 hivi, jumla wati 190. Pawasaplai ya wati 260 itaibeba kazi hiyo bila kutokwa jasho.

Ukigawa fedha zako katika mafungu 10, mafungu 4 yaende kwenye mashine yenyewe, 3 kwenye kadi ya picha, 2 kwenye memori na SSD, na 1 kwenye kinga ya umeme. Skrini iwe televisheni iliyopo nyumbani mpaka Mungu atakapojalia. Na asiye na kadi leo asihuzunike: zipo prosesa zenye mchoraji ndani yake, kama Ryzen 5 5600G ya mwaka 2021, zinazoweza kuendesha michezo ya wastani wakati akiba ya kadi inakusanywa.

UMEME NA RADI

Fungu lile la kumi lisidharauliwe. Nchi hizi za kandokando ya Ziwa Kivu ni miongoni mwa sehemu za dunia zinazopigwa na radi kuliko nyingine. Matokeo ya vipimo vya setilaiti yaliyochapishwa mwaka 2016 yaliiweka Kabare, upande wa Kongo, katika nafasi ya pili duniani, nyuma ya Ziwa Maracaibo la Venezuela. Hakuna kifaa cha bei nafuu kinachoweza kuizuia radi iliyopiga karibu. Kinga ya kweli ni nyumba yenye waya wa ardhi na mkono unaochomoa plagi mawingu yanapokusanyika, pamoja na waya wa mtandao ikiwa upo. Stabilaiza au UPS ni kwa ajili ya umeme unaopanda, kushuka na kukatika ghafla. Tena kasha lisiwekwe sakafuni, kwa maana vumbi huziba feni, na mashine isiyopumua hupunguza kasi yake yenyewe ili isiungue.

MALI BILA DAFTARI

Sokoni kuna wajanja. Zipo kadi za zamani sana zilizobadilishwa maandishi ya ndani ili zijitambulishe kwa jina la kadi mpya. Programu ya bure iitwayo GPU-Z huweza kuzifichua nyingi kati ya hizo. Zipo pia kadi zilizofanyishwa kazi usiku na mchana kuchimba fedha za kidijitali, zikatupwa sokoni kwa wingi baada ya Ethereum kuacha uchimbaji wa namna hiyo Septemba 2022. Si zote mbovu, lakini feni zake huwa zimechoka. Usilipe kabla hujaiona mashine ikiendesha mchezo kwa nusu saa. Sikiliza feni. Tazama joto, likipita nyuzi 85, uliza sababu. Muuzaji mwaminifu hatakuchukia kwa hilo.

Na sasa neno linalomhusu askari kuliko raia mwingine yeyote. Ukishuka kutoka Busasamana hadi mjini Gisenyi, mpaka wa Goma uko mbele yako, na Kigali iko nyuma yako kwa kilomita zipatazo 150. Sauti za kunong'ona hazikosekani: mzigo upo, hauna karatasi, chukua upesi. Msomaji na afahamu kwamba katika ushuru wa forodha wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, kompyuta zimewekwa katika kiwango cha sifuri. Kodi nyingine zaweza kutozwa, na hubadilika kwa bajeti za mwaka. Maofisa wa forodha ndio wa kuulizwa. Kwa hiyo faida ya magendo si kubwa kama inavyosemwa, na hasara yake kwa mtu mwenye sare haina kipimo. Polisi atamkamata vipi mchuuzi mpakani, ilhali kadi iliyomo katika kompyuta yake ilipita shimo lilelile? Mali bila daftari hupotea bila habari. Dai risiti, andika namba ya kila kipande, uiweke karatasi mahali pakavu.

Risiti hiyo itakulinda pia siku kifaa kitakapogunduliwa kuwa cha wizi. Na ikiwa akiba yako iko katika chama kama Zigama CSS, usiharakie mkopo kwa ajili ya mchezo. Mkopo ni wa nyumba, shamba na karo. Mchezo na ungoje akiba.

ULIMI NA MCHEZO

Mashine ikishawaka, kazi ya askari haijaisha. Mwaka 2021 mchezaji mmoja wa mchezo wa vifaru uitwao War Thunder, aliyejitambulisha kuwa askari wa vifaru, alitoa hadharani kurasa za mwongozo wa siri wa kifaru cha Uingereza, Challenger 2, ili kuthibitisha kwamba watengenezaji wa mchezo walikosea vipimo. Hakuuza siri hizo kwa adui. Alitaka tu kushinda ubishi. Basi kompyuta ya michezo isibebe karatasi za kikosi, wala picha za lindo, wala mazungumzo ya zamu. Na michezo ya wizi inayogawiwa bure iachwe, kwa maana mara nyingi huingia na virusi vinavyosoma kila kilichomo ndani.

Koplo wetu wa Busasamana basi na aanze na mashine ya ofisi mwezi huu, aifute vumbi na kuipima. Mwezi wa tatu aongeze SSD na memori. Mwezi wa sita anunue kadi, kwa risiti. Itakapofika likizo ijayo, wadogo zake watacheza, naye atakaa kando yao akijua kila kipande kilichomo ndani ya kasha lile, kilitoka wapi na kililipiwa vipi.