Kupima Gari-Nyumba la Dizeli Lililotumika kwa Barabara za Kilosa na Mikumi

Magari ya kulala safarini yanayopita Mikumi na kuingia vijijini Kilosa ni machache mno yaliyotoka kiwandani yakiwa nyumba. Mengi ni Toyota Land Cruiser iliyofungwa hema juu ya paa, Toyota Coaster iliyong'olewa viti na kuwekwa vitanda, au Mitsubishi Canter iliyojengewa boksi la kuishi nyuma ya kabini. Karibu yote yanatumia dizeli, na karibu yote yalishafanya kazi nyingine kabla: kusomba abiria Japani, kuhudumia mradi, kubeba watalii hifadhini. Jiko, kabati na godoro huonekana kwa jicho na hurekebishwa na fundi seremala yeyote. Kinachoamua kama safari itafika ni hali ya mashine iliyo chini yake, na hiyo haionekani kwa kutazama rangi.

Eneo lenyewe ni kipimo kikali. Barabara kuu ya TANZAM hukatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, kwa takriban kilomita 50. Kutoka mji wa Mikumi njia moja huelekea kusini, Kidatu na Mang'ula, kwenye lango la Milima ya Udzungwa. Nyingine hupanda kaskazini kupitia Ulaya hadi Kilosa, na barabara kuu huendelea magharibi hadi Ruaha Mbuyuni, kisha huukwea mlima Kitonga kuelekea Iringa. Anayeingia kata za vijijini kama Kisanga hukutana na vumbi jekundu wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Uwanda wa Mkata una udongo mweusi unaonasa gurudumu mara tu mvua inaponyesha. Ndani ya wiki moja, gari lilelile linaweza kupikwa na joto la bondeni, kuvuta vumbi kwa kilomita nyingi, kuvuka maji na kupanda mlima likiwa na mzigo wote wa nyumba.

Injini ya dizeli haina cheche. Pistoni huibana hewa mpaka iwe sehemu ndogo ya ujazo wake wa awali. Katika injini za zamani za Toyota ubanaji huo hufikia mara 22, ilhali injini ya petroli hubana takriban mara 10. Hewa iliyobanwa hivyo hupata joto linalozidi nyuzi 500 za Selsiasi, na dizeli inayopuliziwa humo huwaka yenyewe. Afya ya injini nzima basi hutegemea jambo moja: je, hewa inabaki ndani ya silinda wakati inabanwa? Ringi zikilika, vali zikikosa kukaa sawasawa au gasketi ya silinda hedi ikivuja, ubanaji hupungua, joto hupungua, na mafuta hayaungui yote.

Ndiyo maana kipimo cha kwanza ni kuiwasha injini ikiwa baridi kabisa, asubuhi, kabla mwenye gari hajaigusa. Mkono uwekwe kwanza juu ya rejeta na injini. Vikiwa vya moto, kuna aliyekwisha kuipasha, na ukaguzi huo uahirishwe hadi siku nyingine. Injini nzima huwaka baada ya kuzungushwa kidogo, hutikisika sekunde chache, kisha hutulia. Inayohitaji kuzungushwa kwa muda mrefu, ikatoa moshi mweupe unaowasha macho na kugonga kwa silinda moja moja, ina plagi za joto zilizokufa au ubanaji uliochoka. Ya kwanza ni gharama ndogo. Ya pili ni kufungua injini yote. Hapa joto la Kilosa humdanganya mnunuzi. Hewa ya bondeni ina joto tayari, kwa hiyo injini iliyochoka huwaka vizuri mwaka mzima, na aibu yake hujitokeza gari likilala Iringa au Mufindi mwezi wa Julai. Anayenunulia bondeni asiridhike na kuwaka tu. Adai kipimo cha ubanaji, ambacho fundi hukichukua kwa kufungua plagi za joto na kufunga geji kwenye kila silinda. Namba za silinda zote zinapaswa kukaribiana. Silinda moja iliyo chini sana kuliko wenzake ni habari mbaya kuliko zote kuwa chini kidogo, kwa sababu huonyesha kitu kilichovunjika au kupasuka.

Pasipo geji, kuna kipimo kisicho na gharama. Injini ikiwa ya moto na ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta, kifuniko cha kujazia oili hufunguliwa na kulazwa juu ya tundu lake. Pumzi kidogo ni ya kawaida. Kifuniko kikirushwa, au moshi ukitoka kwa mapigo kama bomba la pili, gesi ya mlipuko inapita pembeni mwa ringi na kushuka kwenye sampu. Moshi wa ekzosi nao husomwa: wa bluu ni oili inayoungua, mweusi ni dizeli nyingi kuliko hewa iliyopo, na mweupe usioisha injini ikishapata moto, wenye maji yanayopungua kwenye rejeta, ni maji yanayoingia silinda. Oili nyeusi katika dizeli si kosa, kwani masizi huigeuza rangi mapema. Kosa ni oili yenye rangi ya maziwa, au iliyopanda juu ya alama ya kijiti ikinuka dizeli.

Mfumo wa kupoza ndio huua injini nyingi zaidi katika njia hizi. Hesabu yake inafaa kuonekana. Gari la kilo 3,300 likipanda mwinuko wa mita 8 kwa kila mita 100, kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, huhitaji karibu kilowati 29 kwa ajili ya kuinua uzito wake peke yake, mbali na msuguano wa matairi na upepo. Injini ya dizeli hupeleka kwenye maji ya kupoza kiasi cha joto kisichopishana sana na nguvu inayoitoa kwenye shafti. Joto hilo lote lazima lipite kwenye rejeta, huku gari likienda polepole na upepo wa mbele ukiwa mdogo. Rejeta iliyozibwa na mbegu za nyasi na tope kavu haitamudu, hata kama gari halijawahi kuchemsha tambarare. Mapezi yake yatazamwe kwa tochi, kutoka nyuma kuelekea mbele. Feni inayoshika kwa mafuta mazito ya silikoni ijaribiwe: injini ikiwa ya moto na imezimwa, feni inapaswa kuwa ngumu kuzungusha kwa mkono, si kuzunguka kwa uhuru.

Kosa moja la gereji zetu linastahili kutajwa waziwazi, nalo ni kung'oa themostati kwa imani kwamba gari litapoa zaidi. Katika injini nyingi za Toyota, themostati hufanya kazi mbili: hufungua njia ya kwenda kwenye rejeta na wakati huohuo hufunga njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupoa. Ikiondolewa, njia ya mkato hubaki wazi daima. Tambarare injini hukimbia ikiwa baridi mno na kulika bila sababu. Mlimani sehemu ya maji ya moto hukwepa rejeta na gari huchemsha. Gari lisilo na themostati ni gari lililowahi kuchemsha na mtu akatibu dalili. Hapo silinda hedi itiliwe shaka. Mipira ya maji ikawa migumu dakika chache tu baada ya kuwasha injini baridi, au mapovu yakapanda mfululizo kwenye rejeta, gesi ya mlipuko inavuja kuingia kwenye maji. Injini ya 1KZ, inayopatikana katika Prado na Hilux Surf nyingi, ina silinda hedi ya alumini inayojulikana kwa kupasuka baada ya kuchemshwa. Mara moja tu inaweza kutosha.

Uchaguzi wa mfumo wa mafuta ni uchaguzi wa aina ya matatizo. Injini za pampu ya kimekanika, kama 1HZ ya Land Cruiser na Coaster, yenye silinda sita, lita 4.2 na isiyo na turbo, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1990, au 3L na 5L za Hilux na Hiace, hupulizia mafuta kwa shinikizo la kati ya baa 100 na 200. Hazina kasi, na hunywa mafuta zaidi kwa kazi ileile. Lakini hueleweka na fundi aliyejifunzia Mikumi au Kidodi, na pampu yake hufunguliwa na kufufuliwa. Injini za reli ya pamoja, kama 1KD, husukuma mafuta kwa zaidi ya baa 1,000 kupitia nozeli ambazo nafasi zake hupimwa kwa elfu za milimita. Zina nguvu na hubana matumizi, ila tone la maji au mchanga laini kutoka kwenye dumu la dizeli la kijijini linaweza kuharibu seti nzima. Kwa gari la kulala mbali na lami, mfumo wa zamani ni bora, na tofauti ya matumizi ya mafuta ni ada inayostahili kulipwa. Anayelazimika kuchukua reli ya pamoja apime mafuta yanayorejea kutoka kila nozeli. Inayorejesha mengi kuliko nyingine imeshalika.

Magari mapya zaidi kutoka Ulaya huja na vichujio vya masizi na mifumo ya kusafisha moshi iliyobuniwa kwa dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 10 kwa milioni, ilhali kiwango kilichoanza kutumika Afrika Mashariki mwaka 2015 kiliruhusu hadi sehemu 50. Kichujio hicho kikiziba Kisanga, hakuna kompyuta ya kukizibua karibu. Dizeli kongwe, kwa upande mwingine, hazikosekani sokoni. Mwaka 2003 Tokyo ilianza kuzuia malori na mabasi ya dizeli yasiyotimiza viwango vya masizi, na magari mengi mazima ya aina hiyo yakatafuta soko nje ya Japani. Kenya hukataa gari lililozidi miaka 8. Tanzania huliruhusu na kulitoza ushuru wa ziada.

Belti ya taimingi ya 1HZ hubadilishwa kila kilomita 100,000. Ikikatika, vali hukutana na pistoni. Asiyeonyeshwa risiti ahesabu belti kuwa ni ya zamani. Injini ya 4D33 ya Canter na TD42 ya Nissan Patrol hutumia gia badala ya belti, faida kubwa inayosahaulika.

Kilomita za kwenye dashibodi zina maana ndogo kwa gari lililobeba watalii. Gari linalotembea kilomita 15 kwa saa likifuata tembo, kisha kusimama injini ikiunguruma, hukusanya saa nyingi za kazi kwa kilomita chache, tena nyuma ya vumbi la magari mengine. Chembe za mchanga ni ngumu kuliko chuma cha silinda. Mpira unaotoka kwenye nyumba ya filta ya hewa kwenda kwenye injini ufunguliwe na kidole kipitishwe ndani. Vumbi upande wa ndani wa filta maana yake injini imekuwa ikila mchanga, na hapo hakuna cha kujadili bei.

Maji huacha alama zake mahali pengine. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 mto Mkondoa ulifurika na kuzamisha sehemu kubwa ya mji wa Kilosa, na mafuriko madogo hurudi katika bonde hilo. Gari lililozama huuzwa likiwa limeoshwa vizuri. Bolti ya chini ya difu ifunguliwe kidogo: oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeingiliwa na maji, na beringi zake zimeanza kutu. Giaboksi ya kugawa nguvu ipimwe vivyo hivyo. Matope makavu yatafutwe mahali pasipofikiwa na anayeosha, yaani nyuma ya dashibodi, ndani ya mikanda ya usalama ikivutwa hadi mwisho, na kwenye plagi za nyaya chini ya viti. Chesesi igongwe kwa nyundo ndogo sehemu ya nyuma, juu ya springi, kwani gari lililotoka mikoa ya theluji ya Japani huenda lilitembea juu ya barabara zilizomwagiwa chumvi.

Kisha uzito. Nyumba huongezwa kidogo kidogo na hakuna anayejumlisha. Lita 100 za maji ni kilo 100, tangi la dizeli la lita 90 ni kilo 75 na zaidi, hema la paa ni kilo 60 hivi, na betri ya ziada ya risasi hukaribia kilo 30. Ongeza kabati, jiko, mtungi wa gesi, spea tairi mbili na watu wanne. Land Cruiser ndefu yenye uzito wa juu ulioruhusiwa wa kilo 3,300 hivi hufikia ukomo bila mtu kuona. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 za mwinuko, kwa hiyo gari lililoelemewa Mikumi huelemewa zaidi likifika Iringa. Gari lipelekwe kwenye mizani likiwa limejaa kila kitu. Anayehitaji nyumba nzito achukue Canter au Coaster tangu mwanzo, asiifanye Land Cruiser punda wa kazi isiyo yake.

Canter, Coaster na baadhi ya Land Cruiser za Japani hutumia volti 24, hivyo friji na taa za volti 12 huhitaji kibadilishaji, si kuunganishwa kwenye betri moja ya jozi, jambo linaloziua zote mbili. Katika Toyota nyingi za dizeli, pampu ya kuvuta hewa ya breki iko nyuma ya alteneta. Breki ikiwa ngumu na alteneta ikilowa oili, chanzo ni kimoja.

Bei ya ununuzi isimalize fedha zote. Kabla ya safari ya kwanza, gari lililofaulu vipimo vyote hivi bado linahitaji belti ya taimingi kama injini yake huitumia, themostati halisi, mipira yote ya maji, filta za mafuta na hewa, na oili mpya ya injini, giaboksi na difu zote mbili. Vifaa vya 1HZ na Canter hupatikana Morogoro, na kisichopatikana huko hutafutwa Gerezani au Ilala, Dar es Salaam, na kutumwa kwa basi hadi Mikumi.