Namba Isiyo Siri: Magari Yaliyounganishwa na Intaneti
Mnamo Februari 2016, mtaalamu wa usalama wa kompyuta wa Australia, Troy Hunt, alieleza hadharani kwamba gari la umeme aina ya Nissan Leaf liliweza kuamriwa kutoka bara jingine bila nywila yoyote, kwa kuwa seva, yaani kompyuta kuu inayopokea maagizo ya programu ya simu, ilidai namba ya utambulisho wa gari peke yake. Namba hiyo huonekana chini ya kioo cha mbele, ambapo kila mpita njia huweza kuisoma. Tena magari mengi yalitofautiana katika tarakimu tano za mwisho tu, hivyo kuzibahatisha kwa kompyuta kulikuwa rahisi. Mgeni aliweza kuwasha kiyoyozi hadi betri ipungue na, jambo zito zaidi, kusoma kumbukumbu za safari za mwenye gari. Nissan iliisimamisha huduma hiyo.

Kosa lilikuwa kuchanganya utambulisho, unaoeleza gari ni lipi, na uthibitisho, unaohakikisha kwamba anayeamuru ana haki. Nywila nayo hulinda ikiwa imara tu: mwongozo wa 2017 wa NIST, taasisi ya viwango na teknolojia ya Marekani, uliacha desturi ya kulazimisha watu kubadili nywila kila baada ya muda, ukasisitiza urefu na kukataa nywila zilizokwisha kuvuja. Mwenye gari lililounganishwa na intaneti na aipe programu yake nywila ndefu isiyotumika penginepo, na anapoliuza, afute kwanza akaunti yake.